Riwaya ya wapenzi wa tamaduni mbili: kwa nini kicheko kinaisha mapema

Umeuliza kwa nini riwaya yako inachekesha sura tatu za mwanzo kisha inapooza. Mara nyingi ni kwa sababu utani wote umewekwa kwenye lugha na chakula, na hivyo msomaji huvizoea upesi. Hamishia mgongano kwenye yasiyosemwa: nani anaamua, kuchelewa ni dharau au la, "hapana" inatamkwaje. Mmoja anasema "tutaona" akimaanisha hapana; mwenzake anakwenda kukata tiketi mbili. Hapo umepata kicheko na ugomvi wa sura nzima, bila mtu mbaya.

Wakosee wote, kwa zamu. Akikosea mgeni peke yake, mwenyeji anageuka mwalimu na mapenzi yanakuwa darasa. (Mama mkwe naye mpe sababu zake, la sivyo atabaki kinyago.) Kikwazo kikubwa, kwenye robo tatu ya kitabu hivi, kisiwe kutoelewana kunakomalizwa na simu moja, kiwe uamuzi wenye gharama, mfano wataishi nchi ya nani. Na lafudhi usiionyeshe kwa kuharibu tahajia. Badili mpangilio wa maneno tu, inatosha.