Karo linajaa kila masika: je, tuchimbe zaidi?

SWALI: Karo letu la choo lina vyumba viwili, na maji yake huishia kwenye shimo la kunyonya lenye kina cha mita 3. Kila masika linajaa. Tukiita gari la majitaka, baada ya siku mbili limejaa tena. Fundi anashauri tuongeze kina cha shimo na kutoboa sakafu ya karo. Je, tumsikilize?
Msomaji, Mikocheni, Dar es Salaam

JIBU: La, msikubali, hasa hilo la kutoboa sakafu. Kazi ya karo ni kutuliza maji kwa saa 24 au zaidi, ili kinyesi kizame kiwe tope, mafuta yaelee, na bakteria wasiohitaji hewa wamege sehemu ya tope hilo. Maji yanayotoka hapo bado yamejaa vimelea vya maradhi, na kinachoyasafisha ni udongo mkavu yanamopenya taratibu. Sakafu ikitobolewa, uchafu mbichi utaingia moja kwa moja kwenye maji ya ardhini, ambayo huenda jirani yenu anayavuta kisimani.

Maji kurudi upesi kiasi hicho kunanifanya niamini kwamba masika maji ya ardhini hupanda hadi ndani ya shimo, na hayo ndiyo mnayolipia gari liyanyonye. Kuongeza kina ni kuyafuata yaliko. Hakikisheni kwanza: fungueni mfuniko, mteremshe kamba yenye jiwe, mpime maji yalipo sasa na yatakapokuwa kiangazi. Mtu yeyote asiingie wala kuinamia shimoni, kwa kuwa hewa yake huua.

Ikithibitika hivyo, achaneni na shimo na mchimbe mitaro mirefu isiyozidi kina cha mita 1, yenye kokoto na bomba lililotobolewa matundu, umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote. Kati ya sakafu ya mtaro na maji ya masika ibaki mita 1.5 ya udongo. Isipopatikana, mitaro ijengwe juu ya tuta la mchanga. Bwana afya wa kata aone eneo kabla ya kuchimba.

Wakati huohuo, ondoeni maji ya paa yanayoelekezwa kwenye chemba, kosa ninaloliona katika nyumba nyingi, na msikubali kutapisha choo, yaani kufungulia majitaka yatiririke nje, mvua inaponyesha, hata kama mtaa mzima unafanya hivyo, maana watoto hucheza katika maji hayohayo.