Troponini ya mama imepanda: katheta au dawa tu?

Pole sana dada kwa kuuguza. Unasema mama ana miaka 63, troponini (protini inayoonekana kwenye damu misuli ya moyo ikiumia) imepanda, daktari anataka kumpitishia katheta (mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi kwenye moyo, kuangalia na kuzibua mishipa yake), na kaka yako anashikilia kwamba wanawake hutibiwa kwa dawa tu.

Kauli hiyo ina chanzo. Baadhi ya majaribio ya zamani yaliashiria kwamba wanawake hawanufaiki na katheta, pengine hata wanaumia. Ila mwaka 2008 yalichambuliwa kwa pamoja majaribio 8 yenye wanawake 3,075, ikaonekana kwamba ambao troponini yao imepanda wananufaika; ambao haikupanda, waanze na dawa. Mama yuko kundi la kwanza. Angekuwa mama yangu, ningekubali leo.

Kinachonitia wasiwasi ni kuvuja damu, maana wanawake huvuja zaidi. Muulize daktari: mtapitia mkononi au pajani? Mkononi ni salama zaidi. Dozi za dawa za kuzuia damu kuganda zimepangwa kwa uzito wake na hali ya figo zake? Kama anatumia metformini (dawa ya kisukari), waambieni mapema. Na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ikionyesha mshipa wa moyo umeziba kabisa, msisubiri kikao cha familia.