Swali la Lugha: "Mpunga dume tasa" ni sahihi?

SWALI: Natafsiri kijitabu cha mbegu kwa ajili ya maofisa ugani. Kuna sehemu inayohusu jeni zinazosimamia ukuaji wa chavua. Mwenzangu ameandika "mpunga dume tasa", na kinyume chake akaandika "rutuba ya kiume". Naona havijakaa sawa, ila sina hoja ya kumweleza. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, sikio lako halikukudanganya. La rutuba ni jepesi: rutuba ni ya udongo. Mmea una uzazi, kwa hiyo andika "uzazi wa kiume".

Penye kazi ni hapo kwenye "mpunga dume". Mpapai dume tunautaja kwa haki, maana ipo mipapai inayotoa maua ya kiume matupu. Mpunga hauko hivyo. Kila ua lake lina vifuko sita vya chavua pamoja na ovari, na kwa kawaida hujichavusha lenyewe. Hakuna mpunga dume wala mpunga jike.

Sasa "tasa". Neno hili tumezoea kulisema kwa mwanamke au mnyama jike asiyezaa, ilhali kwenye mpunga huu upande wa kike ndio ulio mzima! Kilichoharibika ni chavua peke yake. Ndani ya kifuko kuna tabaka la seli linalolisha chavua changa, kisha nalo hupaswa kufa kwa wakati wake. Jeni mojawapo inayosimamia kufa huko huitwa TDR. Ikiwa na hitilafu, tabaka huchelewa kufa na chavua hunyauka. Itie chavua tone la iodini uitazame kwa hadubini: iliyo nzima hugeuka nyeusi kwa sababu ya wanga uliomo, iliyonyauka hubaki na unjano hafifu. Lakini ua hilohilo likipata chavua ya mpunga wa jirani, linatoa punje.

Mmea wa namna hiyo ni hazina kwa wazalishaji wa mbegu chotara, yaani mbegu za aina mbili zilizochanganywa, kwa kuwa hauwezi kujichavusha wenyewe. Mwaka 1970 wasaidizi wa Yuan Longping, mtafiti wa mpunga wa China, waliupata mmoja kati ya mpunga mwitu wa kisiwa cha Hainan, China, na kufikia 1976 mpunga chotara ulianza kupandwa nchini humo kwa wingi. Mkulima akisoma "mpunga tasa" bila maelezo, ataung'oa.

Andika "utasa wa kiume", na usithubutu kuliacha hilo "wa kiume". Tena "mpunga wenye utasa wa kiume" unafaa kuliko "mpunga tasa", kwa kuwa hali hiyo yaweza kuja na kuondoka. Mwaka 1973, mkoani Hubei, China, mtaalamu wa kilimo Shi Mingsong aliona mimea ya mpunga wa aina ya Nongken 58 ambayo mchana ukiwa mrefu chavua yake haifai, na ukifupika inatungisha kama kawaida. Huo uite "utasa wa kiume unaotegemea urefu wa mchana". Jina ni refu, lakini linaeleweka.

Wapo wanaopendekeza "hanithi". Siungi mkono hata kidogo: hilo ni la binadamu na tendo la ndoa, na mitaani limekuwa tusi.

Jeni ni "jeni hii, jeni hizi", si "majeni haya". Kichwa cha sehemu yenu kiwe: "Jeni zinazosimamia ukuaji wa chavua na uzazi wa kiume katika mpunga". Katika mpunga, si katika mchele, mchele umeshakobolewa.