Samaki mwekundu wa kilindini

SWALI: Nauza samaki Jinja. Kwenye mzigo wa barafu kutoka Mombasa huja wekundu wenye macho makubwa. Je, ni Etelis, jenasi ya samaki wa kilindini? Makazi yao niandikeje?

JIBU: Inua pezi la mgongoni. La Etelis limebonyea sana kati ya miiba na sehemu laini. La Pristipomoides, jenasi ya jamaa zao, halina bonde hilo. Ncha ya juu ya mkia ikiwa nyeusi, huenda ni Etelis boweni, aliyepewa jina 2021 baada ya kuchanganywa na Etelis carbunculus. Rangi hufifia barafuni, kwa hiyo hifadhi kipande cha pezi kwa kipimo cha DNA, katika ethanoli (alkoholi) ya 95%. Formalini huharibu DNA. Usiandike “Mombasa”, hiyo ni bandari tu! Ulizia mahali alipovuliwa na kina cha maji, si urefu wa mshipi: mkondo huuvuta ukalala mshazari.