Kromosomu 58 au 64: Je, Huyo Bado Ni Trauti Yule Yule?

Swali: Ninaandaa tasnifu kuhusu samaki aitwaye trauti wa upinde wa mvua. Baadhi ya maandiko yanataja kromosomu 58, mengine 60, na mengine hata 64. Je, kuna waliokosea kuhesabu, au hizi ni spishi tofauti?

Jibu: Ndugu msomaji, si lazima awepo aliyekosea. Trauti huyu, Oncorhynchus mykiss, ambaye asili yake ni mito inayoingia Bahari ya Pasifiki kutoka Kamchatka hadi Meksiko, ana kromosomu kati ya 58 na 64 kulingana na kundi alikotoka, na wote ni spishi moja. Usilinganishe idadi peke yake, linganisha mikono. Kromosomu yenye sentromia (sehemu iliyobanwa inayoigawa kuwa mikono) katikati ina mikono miwili, na yenye sentromia mwishoni huhesabiwa mkono mmoja. Samaki wa kromosomu 60 ana 44 za mikono miwili na 16 za mkono mmoja, yaani mikono 104. Wa 58 ana 46 na 12, wa 64 ana 40 na 24, na jumla haibadiliki, kwa sababu tofauti yao imetokana na kromosomu za mkono mmoja kuungana mbilimbili kwenye sentromia. Hata ukikuta 59 usishtuke: huyo amerithi kromosomu iliyoungana kwa mzazi mmoja na mbili zisizoungana kwa mwingine.

Hata hivyo, hesabu ya seli moja haitoshi. Seli ikipasuka vibaya kwenye kioo hupoteza kromosomu, hivyo hesabu pungufu ni jambo la kawaida. Hesabu seli nyingi za kila samaki, kisha uchukue idadi inayojirudia zaidi. Nakusihi pia uwaandae samaki wa makundi yote kwa utaratibu mmoja, maana kolkisini (dawa ya kusimamisha seli zikiwa zinagawanyika) ikikaa mwilini muda mrefu kromosomu hufupika mno, mkono mfupi ukaonekana kama haupo, nawe ukadhani umegundua tofauti.

Kwa samaki Hoplias malabaricus wa Amerika Kusini ningejibu vingine. Huyo ana kromosomu 39 hadi 42, na makundi yenye kromosomu za idadi na maumbo tofauti yameonekana katika mto mmoja, mara nyingi bila machotara; hapo ni haki kushuku kwamba jina moja limebeba spishi kadhaa.

Katika jedwali lako, andika asili ya kila samaki kando ya idadi yake, na kama ni wa kufugwa, uliza mayai yalitoka wapi.