Maharagwe ya Ziwa Ellis

SWALI: Sasa mhariri. Desemba tulienda Ziwa Ellis, Mlima Kenya, tukiwa watano, tumetoka Nairobi alfajiri na jioni hema ziko kando ya maji. Maharagwe tuliyabandika saa kumi na mbili, saa nne bado yanagonga meno, njaa nayo, tukayala hivyo hivyo. Usiku mwenzetu mmoja akatapika na kichwa kikamuuma mpaka asubuhi. Samaki hatukupata hata mmoja. Tunataka kurudi, tulikosea wapi? Msomaji, Thika.

JIBU: Poleni sana ndugu zangu, lakini hayo maharagwe mnayasingizia. Ellis iko karibu mita 3,450 juu ya bahari na huko maji yanachemka kwa nyuzi 88 hivi, si 100, kwa hivyo unaona sufuria inatokota vizuri mpaka kifuniko kinacheza lakini punje ndani bado ngumu. Chemshieni nyumbani, huko iwe ni kupasha tu.

Aliyetapika, mimi naona ni mwinuko. Nairobi iko mita 1,700 hivi, nyinyi mkapanda zingine kama hizo kwa siku moja tena kwa gari, mwili haujapata hata habari. Safari hii laleni kwanza pale geti la Chogoria, mita 2,950, kesho yake ndio msogee ziwani. Na mtu akianza kuyumba kama mlevi, au pumzi inamkatika hata akiwa ameketi, hapo hakuna kungoja kukuche, mshusheni usiku huo huo.

Samaki sasa. Trauti ni mgeni, Wazungu walimleta 1905 wakamwachilia mto Gura kule Aberdare, na mpaka leo ana wasiwasi wa mgeni (utani tu), akiona kivuli chako majini ameenda. Nyinyi watano mlisimama ukingoni na muziki, sivyo? Chuchumaa nyuma ya nyasi, rusha ndoano yenye manyoya ya kuiga mdudu, asubuhi mapema au jua likishuka. Ulizieni kibali cha kuvua kabla hamjatoka nyumbani.

Maji msibebe kwa zile chupa za plastiki za kutupa, ndani ya mbuga ni marufuku tangu Juni 2020. Nendeni Januari au Februari kukiwa kukavu, maana mvua ikinyesha ile barabara ya msituni ni uji mtupu, hata fobaifo inahitaji jembe na watu wa kusukuma.