Nilimwacha mwanangu "ajenge kinga", tukaishia wodini

Juzi msomaji wangu mmoja, mama wa mtoto wa miezi tisa, kaniandikia: "Dada, mwanangu anakula mchanga. Mama mkwe anasema nimwache, ndivyo kinga inavyojengeka. Nifanyeje?" Nilikuwa jikoni nakaanga vitumbua, viwili vikaungua. Maneno hayo nayajua. Niliwahi kuyaamini, tena nikayahubiri.

Mtoto wangu wa kwanza nilimlea kama yai. Tulipanga vyumba viwili Tabata, na mgeni hamshiki kabla hajapaka kitakasa mikono. Sakafuni hashuki, midoli nachemsha. Mafua hayakumwisha hata hivyo, na alipofika miaka mitatu tukaambiwa ana pumu. Sitasema ni sabuni iliyomletea. Baba yake naye anayo tangu utotoni. Lakini mama mkwe, mbele ya mawifi zangu wote, alisema: "Umemdekeza, ndiyo maana." Neno lile lilinichoma. Mpaka leo linanichoma, nisiwadanganye.

Alipozaliwa wa pili nikaapa kwamba sitasemwa tena. Tulishahamia kwetu Mbagala, nyumba haijaisha, choo cha shimo uani, bata watano wanazurura. "Uchafu hauui Mwafrika," ndiyo ikawa kauli yangu. Biskuti ikidondoka, anaokota anakula. Siku moja nilimkuta ananyonya kandambili ya chooni. Badala ya kumnyang'anya nikampiga picha, nikaituma kwenye grupu la familia. Wakacheka, nami nikajiona mama shujaa.

Iwe kandambili, iwe bata, iwe mikono yangu mwenyewe, wiki haikuisha akaanza kuharisha na kutapika. Tulipofika hospitali utosi umebonyea, analia bila machozi. Nesi alimfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaiachia. Ikabaki imesimama kama pindo la kanga, kisha ikarudi taratibu. Akaniuliza swali moja tu: "Mama, mkitoka chooni mnanawia wapi?" Nilitazama chini.

Usiku ule, dripu ikidondoka, nilisoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Kumbe habari hii ina mwanzo wake. Mwaka 1989 mtafiti Mwingereza, David Strachan, aliangalia watoto zaidi ya 17,000 waliozaliwa Uingereza mwaka 1958, akaona wenye kaka na dada wengi hawasumbuliwi sana na mzio wa chavua. Akahisi maambukizi ya utotoni ndiyo yanayowakinga. Mwaka 2016 wengine wakalinganisha jamii mbili za wakulima Marekani: Amish, ambao watoto wao wanacheza zizini karibu na nyumba, na Hutterite, wenye mashamba makubwa ya mashine mbali na makazi. Wa Amish walikuwa na pumu kidogo zaidi kwa mbali.

Sasa soma vizuri, mama mwenzangu. Wanaongelea mzio na pumu, na vumbi la zizi la ng'ombe. Hakuna aliyesema mtoto alambe choo! Vijidudu vingi vya udongoni na vya wanyama ni majirani wa zamani, mwili unajifunza kutowashtukia. Kipindupindu na rota, kirusi cha kuharisha, si majirani wa namna hiyo, na minyoo humdhoofisha mtoto. Anayeharisha kila mara utumbo wake unachakaa, chakula kinapita bure, anadumaa. Surua ndiyo mbaya zaidi: utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha inafuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga aliyokwisha kuijenga dhidi ya magonjwa mengine. Ukitaka kinga yake ifanye mazoezi, chanjo ndiyo mazoezi yenyewe. Kadi ya kliniki ipo, mpeleke.

Kwa hiyo mwache acheze nje, agaegae, abebwe na binamu zake. Mchanga wa kubwia mzuie kwa upole, maana uani kwetu kuku, paka na mtoto wa jirani wote wanajisaidia humo humo. Mnyonyeshe. Na nawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni. Ukimbadilisha nepi, nawa. Kabla ya kumlisha, nawa. Najua nimerudia. Ningerudia mara mia kama ungeuona ule utosi. Na wewe unayesema "sisi tulikula udongo tukakua", waulize wazee wenu waliwazika wangapi.

Tuliruhusiwa siku ya tatu na pakiti za ORS, na zinki ya kuendelea nayo hata kuharisha kukikoma. Sasa ana miaka minne na magoti hayatakati. Nje ya choo tumefunga kibuyu chirizi, kidumu cha lita tano na kipande cha sabuni kwenye kamba. Mama mkwe akija siku hizi anaanzia pale kabla hata hajasalimia. Hajawahi kuniomba radhi. Mimi najaza maji tu.